Sempervivum arachnoideum: uelewe ufa kabla ya kununua chungu

Kwenye maduka ya maua ya Ulaya, mmea huu huuzwa ndani ya kikopo cha plastiki kilichojazwa udongo mweusi laini wa kinamasi, na mara nyingi udongo huo umelowa chepechepe. Mnunuzi anaufikisha nyumbani, anauweka juu ya kisahani karibu na dirisha, anaumwagilia kila Jumamosi, na majira ya baridi yakiisha anabaki na donge la kahawia lililooza. Halafu anasema baridi imeuua. Baridi haikuhusika. Kwenye milima ya Alps mmea huu hulala miezi chini ya theluji na kuamka salama. Kilichouua ni maji yaliyotuama, pamoja na udongo usiofanana hata kidogo na mahali mizizi yake ilipozoea kukaa.

Kwa hiyo hapa ratiba ya kumwagilia itakuja baadaye. Kwanza tuuangalie mmea wenyewe, kisha mwamba unaoubeba, maana karibu kila swali la utunzaji hujibiwa na ule mwamba.

Ulivyo

Ni wa familia ya Crassulaceae, familia moja na kalankoe zinazouzwa kwenye vitalu vya maua kote Afrika Mashariki. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, aliupa jina lake rasmi mwaka 1753. Majani yake manene yamejipanga duara kuzunguka kitovu kimoja, mpangilio ambao wakulima wa mimea hii huuita roseti. Roseti moja ina upana wa nusu sentimita hadi sentimita 2 hivi. Nususpishi (kundi dogo ndani ya spishi) ya tomentosum ni nono kidogo, hufika sentimita 2.5, na utando wake ni mzito zaidi.

Huo utando ndio unaoutambulisha. Ncha ya kila jani ina kishungi cha nywele nyeupe. Majani yakiwa bado machanga na yamebanana katikati, nywele za jani moja hujisokota na za jirani zake. Yanapokua na kuachana, nyuzi hunyooka kutoka ncha hadi ncha, na roseti nzima huonekana kama imefunikwa na buibui. Wengi wakiuona mara ya kwanza hukimbilia dawa ya utitiri. Tofauti ni rahisi kuiona: utando wa mmea huanza nchani mwa jani na kuishia nchani mwa jani jingine, upande wa juu, na majani yako imara. Utando wa utitiri hujificha chini na kwenye maungio, na majani huwa na vidoadoa vya njano kama yamechomwa sindano.

Kazi ya utando ni kupunguza ukali wa mwanga na kutuliza upepo unaopita juu ya jani, ili maji yasitoroke haraka. Kwa mtunzaji una faida nyingine: ndio kipimo bora cha mwanga ulicho nacho, kuliko simu yoyote. Roseti iliyo kwenye jua kali, udongo mkavu na chakula kidogo hujifunga kama gololi nyeupe. Roseti iliyo kivulini hufunguka, huwa kijani kitupu, na nyuzi hubaki chache na zilizolegea. Ukiona hivyo usiongeze mbolea. Sogeza chungu.

Kila roseti hutoa machipukizi kwa vikonyo vifupi sana, kiasi kwamba chipukizi hukaa likigusana na mama yake. Hii ndiyo sababu mmea haukui kwenda juu. Hupanuka kama mto wa kulalia, roseti kwa mamia zimebanana. Roseti iliyokomaa hurefuka katikati, hutoa bua la sentimita 5 hadi 15 kati ya Julai na Septemba, na kuchanua nyota za waridi iliyokolea, petali 8 hadi 12, kila petali ikiwa na mstari mweusi zaidi katikati. Baada ya hapo roseti hiyo hufa. Haifi kwa ugonjwa, na hakuna dawa ya kuizuia. Imemaliza kazi yake, na machipukizi yaliyoizunguka huendelea.

Mahali unapoishi

Makao yake ni milima ya Alps, Pyrenees na sehemu za Apennines. Kwenye Alps utaukuta zaidi kati ya mita 1,000 na 2,800 hivi, ingawa kusini mwa Uswisi hushuka chini zaidi kwenye mabonde yenye joto. Ukitaka kuuona kwa wingi, nenda kwenye mabonde ya ndani yaliyokingwa na mvua: Valais na Engadin upande wa Uswisi, Aosta upande wa Italia. Mji wa Sion, ulioko chini kabisa ya bonde la Valais, hupata takriban milimita 600 za mvua kwa mwaka. Hicho ni kiasi kinachokaribia kile cha Dodoma. Watu wengi huiwazia Alps kuwa majani mabichi na ng'ombe wenye kengele, na ni kweli kwa upande wa kaskazini. Mabonde ya ndani ni makavu kiasi kwamba wakulima wake walichimba mifereji ya kuleta maji ya barafu mashambani tangu zama za kati.

Mwamba wenyewe ni itale, naisi au shisti, yaani mawe yenye silika nyingi na chokaa kidogo sana. Kwenye milima ya chokaa mmea huu ni wa nadra, hata kama jua na urefu vinafaa. Angalia miamba inayotazama kusini, iliyolala kwa mteremko, yenye nyufa nyembamba na vibapa vya mawe yaliyomeguka. Kwenye latitudo ya digrii 46 kaskazini, mchana wa mwezi Juni hufika karibu saa 16, na jua hupiga mteremko wa namna hiyo kwa sehemu kubwa ya muda huo. Uso wa mwamba mweusi mchana tulivu unaweza kuvuka nyuzi 50 za Selsiasi, na usiku uleule hewa ikashuka karibu na sifuri.

Sasa ufa. Juu ya mwamba, udongo ni sentimita chache tu, tena si udongo kwa maana ya shambani: ni mchanga wa mawe yaliyosagika, vumbi lililoletwa na upepo, na majani makavu ya roseti zenyewe yaliyogeuka mboji. Majani ya chini ya kila roseti hukauka bila kudondoka, yakalala pale chini na kuoza polepole, kwa hiyo mto wa roseti hujitengenezea shamba lake. Mizizi ni myembamba kama uzi. Mingi hukaa juujuu, michache hufuata ufa kwenda ndani ambako unyevu hubaki muda mrefu. Mvua ikinyesha, maji hupita juu ya mwamba na kuondoka ndani ya dakika chache, na kinachobaki ni kile kilichonyweshwa na ile mboji kidogo. Siku moja ya jua inatosha kukausha sehemu ya juu.

Kwa hiyo mizizi ina mambo matatu kwa pamoja: maji mengi kwa muda mfupi, hewa wakati wote, na chakula kidogo mno. Chungu cha dukani huipa kinyume cha yote matatu.

Majani nayo yana utaratibu wake wa kuvuta hewa. Mimea mingi hufungua stomata, yaani vitundu vidogo vya jani, mchana ili kuchukua hewa ya ukaa, na kwa kufanya hivyo hupoteza maji. Huu, ukame ukizidi, hufunga mchana na kufungua usiku kukiwa na baridi, huihifadhi hewa ya ukaa ndani ya seli kama asidi ya maliki, kisha huitumia kwa usanisinuru mchana huku milango imefungwa. Wanasayansi waliupa utaratibu huo jina la familia hii hii ya Crassulaceae. Maji yakiwepo ya kutosha, mmea hufungua hata mchana na kukua haraka. Ndiyo sababu haukui kwa kasi ileile mwaka mzima: hupiga hatua mwezi Mei na Juni baada ya theluji kuyeyuka, hupumzika kwenye ukame wa katikati ya kiangazi, hurudi kidogo Septemba, kisha hujifunga.

Wakati wa baridi roseti hupunguza maji ndani ya majani, hujikunja kuwa donge dogo gumu, na rangi hugeuka nyekundu ya damu ya mzee au kahawia. Theluji ikiufunika, umekingwa na upepo mkavu na joto halishuki sana chini ya sifuri. Hata ulioachwa wazi hustahimili chini ya nyuzi 20 hasi, mradi uwe mkavu. Barafu inayoganda ndani ya udongo uliolowa ndiyo inayokata shingo ya roseti.

Majirani zake ni wachache na wote ni wabishi: Sedum album, Sedum dasyphyllum, Silene rupestris yenye viua vyeupe vidogo, na likeni zilizoganda juu ya mawe. Umoja wa Ulaya umeyaweka makao ya aina hii kwenye orodha yake ya makazi ya kuhifadhiwa, kwa namba 8230. Jirani mwingine ni Sempervivum montanum, asiye na utando, na hawa wawili huchanganya damu bila aibu. Chotara wao huitwa Sempervivum × barbulatum: roseti zina nywele fupi pembezoni na vishungi vidogo nchani, lakini nyuzi hazivuki kutoka jani hadi jani. Ukiona utando nusunusu mlimani, usiharakishe kuuita arachnoideum. Na ukimwona kipepeo mweupe mkubwa mwenye madoa mekundu akizunguka mwamba huo, huyo ni Apollo. Viwavi wake hula hasa Sedum album, si huyu wa kwetu, ila ukimkuta mmoja mara nyingi mwingine hayuko mbali.

Usiuchimbe. Hifadhi ya Taifa ya Uswisi, iliyoanzishwa mwaka 1914, na ile ya Gran Paradiso nchini Italia, ya mwaka 1922, haziruhusu kuchukua mmea wowote, na nje ya hifadhi pia sheria za maeneo mengi ya Alps zinaubana uchumaji. Tena hakuna sababu. Kwenye kitalu bei yake ni ya vikombe viwili vya kahawa, na mche wa kitalu umeshazoea chungu, wakati ule wa ufani utakatika mizizi yake yote mirefu.

Kuuotesha Ulaya, kwenye baraza au ukutani

Siku ulipoununua, utoe kikopeni. Kung'uta udongo mweusi wote, na uliong'ang'ania uoshe kwa maji ya bomba. Ukiacha donge la udongo wa kinamasi katikati ya mchanganyiko mzuri, donge litashika maji huku pembeni pakavu, na roseti za katikati zitaoza kwanza. Hili hutokea sana, na watu hulaumu mchanganyiko mpya.

Mchanganyiko unaofanya kazi ni huu: sehemu moja ya mboji iliyochekechwa, sehemu moja ya mchanga mkavu wa chembe kubwa (milimita 1 hadi 3), na sehemu mbili za changarawe ya itale au mawe mepesi ya volkeno ya milimita 3 hadi 8. Mchanga laini wa kupigia lipu usiutumie. Huziba nafasi za hewa na kuganda kama saruji. Jaribu kabla ya kupanda: mwaga kikombe cha maji juu ya chungu kilichojaa. Yakisimama juu kwa zaidi ya sekunde chache, ongeza changarawe. Mfuko ulioandikwa udongo wa kaktasi usikudanganye; mingi ni udongo uleule wa kinamasi ulionyunyiziwa mchanga. Changarawe ya chokaa haitaua mmea, lakini ukiwa na uchaguzi chukua ya itale.

Chungu kiwe cha udongo wa kuchoma, kipana na kifupi, kina cha sentimita 8 hadi 12. Chungu kirefu ni hifadhi ya maji ambayo mizizi haiyafikii. Tundu la chini liwe wazi; usiweke tabaka la kokoto chini kwa imani kwamba litasaidia kutoa maji, kwa sababu maji husimama juu ya tabaka hilo mpaka mchanganyiko wa juu ulowe kabisa. Kisahani kitupe. Juu, baada ya kupanda, weka sentimita 1 hadi 2 ya changarawe tupu hadi chini ya majani ya roseti. Shingo ya mmea, pale majani yanapokutana na mzizi, ndiyo sehemu inayooza kwanza, na changarawe huiweka kavu.

Jua: angalau saa 6 za moja kwa moja, kusini au kusini-magharibi. Mmea uliotoka ndani ya kitalu cha kioo uzoeze kwa wiki mbili, la sivyo majani huungua na kubaki na mabaka meupe. Ndani ya nyumba usijaribu. Hata dirisha la kusini halitoshi: roseti hurefuka kama mnara, utando hupotea, na majira ya baridi yenye joto la sebuleni huuchosha mmea ambao ungetaka kulala.

Maji: mwagilia mpaka yatoke chini, kisha acha mpaka mchanganyiko ukauke wote. Kiangazi, kwenye chungu cha kipenyo cha sentimita 15, hiyo ni kila baada ya siku 7 hadi 10. Mvua ikinyesha, ruka. Kuanzia Novemba hadi Februari usimwagilie kabisa ukiwa chini ya paa. Mwagilia pembeni, kwenye udongo. Maji yakipigwa juu ya roseti kila mara, nyuzi hushikamana na vumbi na kuwa kama pamba chafu. Mvua ya mara moja moja haidhuru, kwani mlimani hunyesha pia na upepo hukausha.

Adui mkubwa ni mvua ya majira ya baridi ya nchi tambarare: Hamburg, Brussels, London, miezi minne ya manyunyu kwenye nyuzi 3 au 5, bila theluji na bila jua. Nususpishi ya tomentosum, kwa uzito wa utando wake, huumia zaidi. Suluhisho ni kuweka chungu chini ya ukingo wa paa au kuegesha kipande cha kioo juu yake, pembeni pakiwa wazi ili upepo upite. Usifunike kwa nailoni. Ukiufunga usipate hewa, ukungu wa kijivu utakaa kwenye utando ndani ya wiki chache.

Mbolea: robo ya kipimo kilichoandikwa, yenye naitrojeni kidogo, mara moja tu mwezi Aprili. Samadi hapana. Naitrojeni ikizidi roseti hunenepa, hulainika, huachana, na hiyo ndiyo roseti itakayooza Desemba.

Mahali pazuri kuliko chungu chochote ni ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji. Changanya mboji na udongo wa mfinyanzi kidogo uwe kama unga wa chapati uliokandwa, bonyeza donge la ukubwa wa jicho la mbuzi ndani ya ufa, sindilia roseti mbili tatu zenye mizizi, kisha kaza kwa kijiwe. Roseti ikitazama pembeni badala ya juu, maji hayatuami kitovuni, na shida nusu zimeisha. Fanya kazi hiyo mwezi Aprili au mwanzoni mwa Septemba, na nyunyizia kila baada ya siku mbili kwa wiki tatu za mwanzo tu.

Kuongeza

Jani moja halitoi mche. Watu waliozoea kung'oa majani ya Echeveria, mmea mwingine wa roseti nene, na kuyalaza juu ya mchanga hujaribu na huu, na majani hunyauka tu. Njia ni machipukizi. Chukua chipukizi lenye upana wa angalau milimita 6 au 7, kata kikonyo kwa kisu kikali ukiacha milimita 3 hadi 5 chini yake, liache kivulini siku moja hadi mbili kidonda kikauke, kisha likalishe juu ya changarawe. Usilizike. Likiyumba, lishike kwa waya uliokunjwa kama kibanio cha nywele. Mizizi hutoka kwa wiki mbili hadi tatu kukiwa na joto la kiasi. Usilivute kila siku kuangalia, maana mizizi ya mwanzo ni kama nywele na hukatika. Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 3 hadi 4, mapengo hujaa kwa miaka miwili au mitatu.

Mbegu ni vumbi. Zimwage juu ya mchanganyiko uliolowa bila kuzifunika, kwa kuwa zinahitaji mwanga. Kama kuna Sempervivum nyingine bustanini, miche itakuwa machotara ya kila sura. Ni mchezo wa kufurahisha, lakini usiyagawe ukayaita arachnoideum.

Baada ya miaka mitatu au minne, mto wa roseti huinuka katikati kama kichuguu. Zile za juu hukaa juu ya majani makavu tu, mizizi yao ikining'inia hewani, na kiangazi kimoja kikavu huacha shimo la kahawia. Usisubiri shimo. Ng'oa kipande cha katikati, tupa majani makavu, rudisha mchanganyiko mpya, panda roseti upya zikigusa changarawe. Mashimo ya roseti zilizochanua yatibu vilevile: ngoja bua likauke kabisa, lizungushe kwa vidole litoke na mzizi wake, jaza changarawe. Ukilivuta likiwa bichi utang'oa na majirani.

Afrika je?

Jenasi hii imefika Afrika mara moja tu: Sempervivum atlanticum, kwenye milima ya Atlas nchini Morocco. Ukishuka kusini, milima ya Simien ya Ethiopia ina mmea mwingine wa familia hiyohiyo, Afrovivella, wenye roseti zinazofanana sana ukiziona kwa mbali. Kilimanjaro ina Sedum meyeri-johannis, lakini huyo ni mtu wa msituni, hukaa kwenye magome ya miti yenye unyevu.

Tofauti kubwa si urefu wa mlima. Karibu na ikweta, mchana ni wa saa 12 mwaka mzima, na baridi huja kila usiku badala ya kuja kwa msimu. Mmea huu hutegemea miezi ya usingizi wa baridi ikifuatwa na siku ndefu ili uchanue. Limuru, Kinangop, Njombe au Lushoto unaweza kuishi na kutoa machipukizi, ukikingwa na mvua za masika na kupewa changarawe nyepesi ya volkeno kwa wingi, hata robo tatu ya chungu. Maua usiyategemee. Mombasa na Dar es Salaam sishauri kabisa: usiku wa nyuzi 25 wenye unyevu hauupi mmea nafasi ya kupoa, na kuoza ni suala la muda.

Anayetaka kuubeba kutoka Ulaya apate kwanza kibali cha kuingiza mimea kutoka mamlaka ya afya ya mimea, KEPHIS kwa Kenya au TPHPA kwa Tanzania, pamoja na cheti cha afya ya mimea cha nchi unakotoka. Osha mizizi mpaka iwe mitupu. Na uwe makini na muuzaji wa mtandaoni: Haworthia arachnoidea ya Afrika Kusini ina jina la kukaribiana na hupigwa picha ikionekana vilevile. Ile ina miiba laini iliyojipanga kwenye kingo za jani, si nyuzi zinazovuka juu, hupenda kivuli chepesi na haistahimili kuganda.

Wadudu na kutu

Roseti ikilegea ghafla na ukiigusa inatoka yote mkononi bila mizizi, chimba chini yake. Funza weupe waliojikunja, wenye kichwa cha kahawia, ni watoto wa fukusi mweusi, Otiorhynchus sulcatus. Mwaga mchanganyiko wote mbali, osha roseti, anza upya. Minyoo midogo ya nematodi inayouzwa kwa kazi hiyo hufanya kazi udongo ukiwa na joto la kutosha.

Majani yakigeuka mfuko mtupu unaopitisha mwanga, ndani kuna lava wa nzi mdogo, Cheilosia caerulescens. Naye ni mwenyeji wa Alps, amesambaa Ulaya kwa kusafiri ndani ya vyungu vya biashara. Nzi hutaga majira ya kuchipua, hivyo kagua Mei na Juni, chuma majani yaliyotobolewa moja moja na uyaponde. Kunguru na ndege weusi wa bustanini hung'oa roseti wakitafuta wadudu. Wavu wa waya wa kuku kwa wiki chache unatosha mpaka mizizi ishike.

Kutu, Endophyllum sempervivi, ndiyo ya kuogopwa. Majani yaliyoambukizwa hurefuka, husimama wima, hupauka, na wakati wa kuchipua hutoka vijipu vya rangi ya chungwa vyenye vumbi. Kuvu hii haihitaji mmea mwingine wa kupitia na huishi ndani ya roseti nzima, kwa hiyo kukata jani moja ni kujidanganya. Ng'oa roseti hiyo na machipukizi yake yote kabla vijipu havijapasuka, vitie ndani ya mfuko na kuvitupa na taka za nyumbani, si kwenye shimo la mboji, kisha tenga chungu hicho na vingine hadi majira ya kuchipua yafuatayo yapite bila dalili.